Seli nyeupe zimepanda, mgonjwa anazidi kushuka: kinachotokea ndani ya damu ya mtu aliyeungua sana

NesiWaZamu (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa na majeruhi wa moto miaka 11, katika hospitali mbili ambazo sitazitaja. Naandika kwa sababu kuna swali ambalo ndugu wa wagonjwa wameniuliza kuliko jingine lolote, na kila mara nimelijibu nimesimama koridoni, nina dakika mbili tu: "Sista, mbona juzi alikuwa anaongea, amekunywa uji, ametuulizia watoto, halafu leo mnatuambia hatunaye?"

Mnaikumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Siku ile walihesabiwa marehemu wapatao 60. Majeruhi wakapelekwa Muhimbili, na kila baada ya siku chache taarifa ya habari ikawa inataja idadi mpya, mpaka ikapita 100. Moto ulizimika siku ya kwanza. Anayefariki siku ya nane anauawa na nini?

Mtu aliyeungua sana akishavuka siku mbili za mwanzo, kinachomwinda zaidi ni maambukizi na viungo kushindwa kimoja baada ya kingine. Na maambukizi yanampata kirahisi si kwa sababu ngozi imeondoka tu. Seli zake nyeupe za damu, zile zinazotakiwa kumlinda, nazo zimeumizwa na moto ingawa moto haukuzigusa. Hili ndilo ninalotaka tulielewe hapa.

Kwanza ukubwa wa jeraha, maana si kila kuungua kunafika kwenye damu. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Kwa mtu mzima mkono mzima ni 9, mguu mzima 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18, kichwa 9. Mtoto mdogo kichwa chake kinachukua sehemu kubwa zaidi. Ukimwagikiwa chai kiganjani, mwili unaumia pale pale. Jeraha likipita kama asilimia 20 kwa mtu mzima, mwili wote unaugua, hadi mapafu na utumbo.

Sasa seli zenyewe. Za kwanza kufika kwenye jeraha huitwa nyutrofili. Zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, zinaishi muda mfupi, na kazi yake ni kunusa bakteria, kumfuata, kummeza na kumuua kwa kemikali kali zilizo ndani yake. Zinatembea kwa harufu, kama sisimizi. Ukidondosha sukari kwenye kona moja, sisimizi wanajipanga mstari mmoja mpaka pale. Lakini ukimwaga sukari nyumba nzima, kuanzia kizingitini mpaka uvunguni, hakuna mstari tena. Wanatapakaa kila mahali, na ile kona yenye donge kubwa inabaki na wachache.

Moto mkubwa unafanya hivyo hivyo. Seli za ngozi na nyama zikipasuka, vitu vya ndani vinamwagika kwenye damu, yakiwemo mabaki ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli zetu. Mitokondria asili yake ni bakteria waliohamia ndani ya seli zama za kale mno, na protini zake bado zinaanza na alama ile ile waliyonayo bakteria. Nyutrofili ikiinusa inadhani imepata adui. Basi zinamiminika kutoka kwenye uboho kwa wingi, hata zile changa ambazo hazijakomaa, zinanata kwenye mishipa midogo ya mapafu, zinamwaga kemikali zake kwenye nyama isiyo na kosa. Ndiyo maana utaona mtu aliyeungua miguu tu anaanza kuhema kwa shida siku ya tatu.

Zinazofika kwenye kidonda zinafika zimechoka. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walichapisha vipimo vyao: waliziweka nyutrofili za majeruhi wa moto kwenye vijifereji vyembamba kuliko unywele, wakapima mwendo wake kuelekea kwenye harufu. Ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu ya mwendo wa seli za mtu mwenye afya, na siku mbaya zaidi zilikuwa ya tatu hadi ya tano. Kabla ya hapo, miaka ya 1960 na 1970, daktari J. Wesley Alexander wa Cincinnati alikwisha kuonyesha kwamba nyutrofili za wagonjwa hawa zinameza bakteria lakini uwezo wa kuwaua kule ndani unashuka. Bakteria anamezwa akiwa hai, na anabaki hai.

Seli nyingine nazo zina shida zake. Limfosaiti T zinapungua, na zilizobaki zinatoa kidogo sana ile kemikali ya kuitana na kuzaliana, intaleukini 2. Kotisoli, homoni ya dhiki, inapanda juu na kukaa huko, na moja ya kazi zake ni kuzima kinga. Monosaiti, ambazo kwa kawaida zinamkamata adui na kuwaonyesha wenzake vipande vyake, zinapunguza ile sahani ya kuonyeshea. Kingamwili za IgG, zile protini za kinga zilizomo kwenye damu, zinavuja na maji kupitia kidonda.

Zamani ilidhaniwa kwamba mwili unapandisha moto wa uvimbe kwanza, halafu baada ya siku kadhaa kinga inazimika. Mwaka 2011 kundi kubwa la watafiti wa Marekani lilisoma jeni ndani ya seli nyeupe za watu waliopata ajali mbaya na walioungua sana. Zaidi ya asilimia 80 ya shughuli za jeni hizo ilikuwa imebadilika, na kuwasha na kuzima vilikwenda pamoja tangu saa za mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa wako anayeongea siku ya pili, akakuomba umletee soda, tayari ndani kumeharibika. Hakudanganya alipokwambia anajisikia nafuu. Saa za kudhihirika zilikuwa bado.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikitoka zamu.

---

Mzee_wa_Mikumi

Ahsante sana binti yangu kwa uzi. Mimi nilimpoteza mdogo wangu kwa moto, miaka mingi imepita. Nakumbuka daktari alituonyesha karatasi ya damu, seli nyeupe 18,000. Kijana mmoja wa kwetu anayesoma akatuambia kawaida ni 4,000 mpaka 11,000, kwa hiyo yeye ana nyingi, kinga ipo juu. Tukafurahi. Siku tatu baadaye tukazika. Nimebaki na swali hilo moyoni mpaka leo.

---

NesiWaZamu

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Kijana hakukosea namba, ila ile karatasi inahesabu vichwa tu. Haisemi seli hizo zinatembea kwa kasi gani, wala kama zinaua. Katika 18,000 zile, nyingi huwa ni nyutrofili zilizosukumwa nje ya uboho kwa sababu ya jeraha lenyewe, hata kama bakteria hajaingia bado. Limfosaiti zinaweza kuwa chache mno ndani ya wingi huo huo.

Kwa mtu wa moto namba ikipanda siyo ushahidi wa kinga nzuri, na peke yake siyo ushahidi wa maambukizi pia. Inayotutisha sana ni iliyokuwa juu halafu ikaporomoka ghafla, maana yake uboho umeshindwa kufidia.

Mzee wangu, hamkukosea kufurahi.

---

DarubiniTu

Mimi ni wa maabara, naomba niongeze kidogo mleta uzi akiniruhusu. Damu ya mgonjwa wa moto ukiitandaza kwenye kioo na kuipaka rangi unayaona haya kwa macho. Nyutrofili iliyokomaa kiini chake kimegawanyika vipande vitatu, vinne. Za hawa wagonjwa unakuta nyingi zina kiini kilichopinda kama kiatu cha farasi, ndiyo zile changa. Na ndani unaona chembe nyeusi nzito kuliko kawaida. Mashine ya kuhesabu inaweza kukupa namba nzuri, lakini ukiweka jicho kwenye darubini unajua huyu mtu yuko kwenye vita. Ndiyo maana nawasihi vijana wa maabara wasitegemee mashine peke yake kwa wagonjwa hawa. Tandaza kioo, angalia, andika ulichokiona.

Jambo jingine. Ile krimu nyeupe ya silva salfadayazini, ambayo imetumika duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, inaweza kushusha seli nyeupe kati ya siku ya pili na ya nne tangu ianze kupakwa. Mara nyingi zinapanda zenyewe hata krimu ikiendelea. Nasema hivi kwa sababu daktari akiona namba imeshuka siku ya tatu ana mambo mawili ya kufikiria, krimu au sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini na kuanza kuangusha viungo), na ndugu wasiogope akiomba kipimo kirudiwe kesho yake.

---

NesiWaZamu

Ahsante sana mkuu. Hilo la krimu hata sisi wauguzi wengi hatukufundishwa vizuri.

---

MtuWaMolo

Nasoma nikiwa Kenya. Sisi tulikuwa na Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, hadithi ni ile ile, tanki la mafuta na watu wakichota, wakafariki zaidi ya 100. Binamu yangu alikaa wodini wiki sita na akapona, Mungu ni mwema. Swali langu: kama mnajua kinga imeanguka tangu saa za kwanza, kwa nini hawakumpa antibayotiki kali siku ya kwanza? Tuligombana na daktari sana juu ya hiyo maneno. Tuliona kama wanangoja augue ndio watibu.

---

NesiWaZamu

Ndugu, swali lako ni zito na hasira yenu naielewa. Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni ngozi iliyokufa. Kuungua kwa kina kunaacha gamba, gumu kama ngozi ya viatu, na mishipa ya damu chini yake imeziba. Damu haifiki pale. Kama damu haifiki, seli nyeupe hazifiki, na dawa ya sindano au ya dripu inayosafiri kwa damu nayo haifiki. Gamba lile ni chakula kilichoandaliwa kwa bakteria mahali ambapo hakuna mlinzi anayeweza kuingia.

Ya pili ni bakteria gani anabaki baada ya dawa. Wanaoanza kuota huwa ni wale waliojificha kwenye vinyweleo na tezi za jasho wakanusurika joto, hasa Staphylococcus aureus. Kufikia siku ya tano hadi ya saba wanaingia wengine, wanaotoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe, kwenye maji, kwenye mikono yetu: Pseudomonas aeruginosa, Acinetobacter. Ukimimina antibayotiki kali tangu siku ya kwanza bila sababu unawaua wale wanaotibika na kuwafagilia njia hawa sugu. Baadaye fangasi. Ndiyo maana miongozo mingi haishauri antibayotiki ya sindano ya kinga kwa kila aliyeungua. Chanjo ya pepopunda, ndiyo. Maambukizi yakionekana, dawa inaanza haraka, na kipande cha kidonda kinapelekwa kuoteshwa ijulikane ni nani.

Niseme na hili. Hospitali niliyoanzia kazi, wodi nzima ilikuwa na bomba moja na beseni moja la kuoshea vidonda. Tulikuwa tunalisuuza kwa maji na kwenda kitanda kinachofuata. Usaha wa kijani, ule wenye harufu tamutamu ya Pseudomonas, ulianza kitanda cha dirishani, na baada ya siku tisa ulikuwa umefika mlangoni. Nilikuwa nabeba beseni lile kwa mikono yangu. Wagonjwa wale nyutrofili zao zilikuwa zinatembea nusu mwendo, na sisi ndio tuliokuwa tunawaletea bakteria. Tangu hapo siwezi kunyamaza mtu akigusa kidonda bila kunawa, awe profesa au awe shangazi yake mgonjwa.

---

Baba_K

Sista, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Binti yangu ana miaka 4, alivuta sufuria ya maharage jikoni, ameungua kifua, tumbo na mkono wa kulia. Leo ni siku ya nne. Madaktari wanataka wamwingize chumba cha upasuaji wakwangue ngozi iliyokufa na kumpandikiza ngozi kutoka pajani. Bibi yake amekataa, anasema mtoto ana kidonda kimoja mnamwongezea cha pili, tungoje gamba lidondoke lenyewe. Na kuna mtu nje ya geti anauza dawa ya kuongeza seli nyeupe, chupa elfu 85. Nimechanganyikiwa. Nisaidieni.

---

NesiWaZamu

Baba K, pole. Nimetoka zamu sasa hivi, nakujibu kabla ya kulala.

Mimi simwoni mtoto, madaktari wake wanamwona, wao ndio wa kuwasikiliza. Lakini nikueleze kwa nini wanaharakisha, umweleze na mama yetu kwa utaratibu.

Zamani dunia nzima ilifanya anavyotaka bibi, kungoja gamba lioze na kudondoka. Kinacholidondosha ni bakteria walioko chini yake. Kwa hiyo kungoja ni kuwaachia bakteria kazi ya daktari, wiki mbili au tatu, kwa mtoto ambaye seli zake nyeupe hazina nguvu. Daktari mwanamke, Zora Janžekovič wa mji wa Maribor, Slovenia, ndiye aliyechapisha mwaka 1970 njia ya kukwangua gamba mapema, tabaka kwa tabaka, mpaka unapofika kwenye nyama inayotoa damu, na kufunika siku hiyo hiyo kwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Damu inayotoka pale ndiyo habari njema. Maana yake mishipa iko wazi, seli nyeupe zina njia ya kufika. Na gamba likiondoka, ile sukari iliyomwagika nyumba nzima inapungua, sisimizi wanaanza kuona njia.

Kile cha pajani ni kidonda chembamba cha juu juu. Kinauma, sitakudanganya, kinauma kuliko wengi wanavyotarajia. Lakini kwa kawaida kinajifunga chenyewe ndani ya wiki mbili hivi kwa sababu mizizi ya ngozi imebaki.

Kama bibi atasema basi mchukue ngozi yangu: mwili unaitambua ngozi ya mtu mwingine na kuikataa. Hili lenyewe lilijulikana vizuri kupitia kwa majeruhi wa moto. Mwaka 1943 kule Glasgow, Uskoti, Peter Medawar na daktari Thomas Gibson walimwekea mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake. Vikakataliwa. Walivyoweka mara ya pili vikakataliwa haraka zaidi, kana kwamba mwili ulikuwa umekariri. Kazi iliyoanzia hapo ikampa Medawar Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Na kuna jambo linalonisikitisha kila nikilifikiri: mtu aliyeungua sehemu kubwa sana ya mwili anaweza kukaa na ngozi ya mwingine wiki nyingi kuliko mtu mwenye afya, kwa sababu kinga yake imeanguka kiasi kwamba haina nguvu hata ya kukataa kitu kigeni. Madaktari wenye benki ya ngozi wanautumia udhaifu huo kumfunika mgonjwa kwa muda.

Kuhusu chupa ya getini, tafadhali usinunue. Tatizo la mtoto wako siyo uchache wa seli. Hata vitu vilivyopimwa kwa uaminifu vimeshindwa. Glutamini, kirutubisho ambacho seli nyeupe zinakipenda na ambacho wengi wetu tulikiamini, ilijaribiwa kwa watu wazima walioungua wapatao 1,200 katika nchi 14, na matokeo yakatoka mwaka 2022: haikuwapunguzia siku za hospitali. Elfu 85 yako nunua mayai, maziwa, dagaa, karanga za kusaga, unga wa ulezi. Mtu mzima aliyeungua sana anahitaji protini karibu mara mbili ya kawaida yake, na mtoto kwa uzito wake anahitaji zaidi ya mtu mzima. Kingamwili ni protini. Seli mpya za uboho zinajengwa kwa protini. Na chakula kikipita tumboni mapema kinausaidia ukuta wa utumbo usiruhusu bakteria wa ndani kuvuja kwenda kwenye damu. Akikataa kula, mwambie nesi leo hii, msingoje kesho, atawekewa mpira wa puani.

Halafu mwangalie wewe mwenyewe, maana unamjua kuliko sisi. Joto la 38 na kidogo kwa mtoto wa moto linaweza kuwa la jeraha tu. Lakini akianza kuwa baridi, au tumbo kujaa, kutapika chakula alichokuwa anakipokea, kulala kusiko kwa kawaida, kutokutambua, kuhema haraka, mwite mtu hapo hapo hata kama ni saa tisa usiku.

---

Mama_Tabata

Naomba kuuliza kitu kinachofanana. Kwetu mtu akiungua wanapaka dawa ya meno, wengine yai, wengine asali na manyoya ya sungura. Vina athari gani kwenye hizi seli?

---

NesiWaZamu

Dada, vinaziba joto ndani, vinampa bakteria pa kukaa, na sisi tunalazimika kuvikwangua mtoto akilia. Maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Hata kama zimepita saa mbili tangu aungue bado yanasaidia. Siyo barafu. Maji yanapunguza kina cha kuungua, na kina kikipungua seli chache zinapasuka, kwa hiyo fujo yote niliyoieleza juu inakuwa ndogo. Kwa jeraha kubwa au mtoto mdogo, mfunike sehemu nyingine asipate baridi, halafu hospitali.

---

Baba_K

Nimerudi baada ya wiki tatu. Bibi alikubali, alikaa mlangoni na rozari muda wote wa upasuaji. Ngozi imeshika karibu yote, imebaki sehemu ndogo kwapani. Kulikuwa na siku mbili mbaya, tumbo lilijaa usiku nikakumbuka maneno yako, nikaita, wakabadilisha dawa usiku ule ule. Seli nyeupe zilikuwa 21,000, sasa ni 9,000. Leo asubuhi ameomba chapati. Tunaruhusiwa Ijumaa. Je, kinga imesharudi? Naweza kumrudisha chekechea?

---

NesiWaZamu

Baba K, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nimelia. Hongera, na mwambie bibi nampa heko.

Kidonda kikifunga, sehemu kubwa ya fujo inatulia, lakini mwili wa aliyeungua sana unaendelea kula nishati kupita kawaida kwa mwaka na zaidi, moyo unakwenda mbio, nyama inayeyuka. Usishangae akiwa mwembamba huku anakula. Chekechea mngoje mpaka kwapa lifunge na daktari aseme ndiyo. Chanjo zake zikaguliwe kadi. Mwenye mafua asimbebe. Mkono wake mnyoosheni kila siku kama mtakavyoonyeshwa, kwapa likijikunja ni upasuaji mwingine.

Chapati mpe, na yai ndani yake.